Simu Iliyomiminiwa Chai

Mwaka ule wa karantini niliona kwa macho yangu simu ikimiminiwa chai.

Sitanii.

Naitwa Nurzat. Nilikuwa nasoma shahada ya pili Bishkek, mji wetu mkuu, utafiti wangu ukiwa namna familia zinavyojifunza pamoja nyumbani. Barabara zikafungwa. Profesa wangu akabuni njia: tuzitumie familia simu, zirekodi siku yao ya kawaida, sisi tutazame tukiwa mjini.

Kawaida, eti!

Bibi Burulcha wa familia moja ya mbali, kule Naryn, aliiweka simu mkabala na mlango, pale anapokaa mgeni wa heshima. Akaimiminia chai kikombeni. Mbele yake boorsok, maandazi yetu, kibao, jamu aina tano. Mjukuu wake, Jazgul, kapiga pamba za sikukuu ya Noruz, anasoma kitabu kama mtangazaji wa redio.

Wiki nzima!

Profesa meno yote nje. "Nurzat, hawa watu wanasoma saa nne nzima kila siku!"

Nilijua ni maigizo. Na bila data ya kweli, shahada yangu ilikuwa imeota mbawa. Nikampigia Bibi.

"Bibi, jifanyeni simu haipo."

"We mtoto! Mgeni yumo ndani, nijifanye simwoni? Sikulelewa hivyo mimi."

Nikakuna kichwa. "Basi si mgeni tena. Ichukulie kama mkamwana wako."

Mkamwana kwetu hukaa karibu na mlango, na hakuna anayejipamba kwa ajili yake.

"Ungesema mapema," akajibu.

Kesho yake nikaona nyumba. Bibi anakanda unga, Jazgul anamchorea herufi kwenye unga huohuo. Kumbe Bibi hajui kusoma!

"Hiyo umeipindua, Bibi!"

"Nawe unamwaga unga! Kanda, mvivu we!"

Kisha akaigeukia simu: "Na wewe, tangu asubuhi umekaa tu!"

Nililia kwa furaha. Nikampelekea Profesa rekodi hizo mbio.

Akatazama dakika mbili. "Hizi ni kelele. Tumia rekodi zile za mwanzo, zina mwanga mzuri. Au utafute msimamizi mwingine."

Nikatumia. Shahada ninayo, na ninaionea aibu mpaka leo.

Bibi aliponipigia kunipongeza, akauliza, "Mmeandika nini kuhusu sisi?"

"Kwamba mnasoma saa nne nzima kila siku."

Akacheka mpaka akakohoa. "Basi mmeandika tunavyopokea wageni!"

Ndugu zangu, ukiona unakaribishwa sana, jua bado hujaingia ndani.