Ozella Kwenye Ngazi za Mbele

Mwone anavyokuja, Ozella Pruitt, mfuaji nguo wa Atlanta, kapu la shuka zilizopigwa pasi liko kichwani, na mikono inaning'inia kama hana mzigo. Ni Jumamosi alasiri, kiangazi cha mwaka 1911. Mwaka ule mjini mwetu kulikuwa na mtu anaua wanawake weusi, wapishi na wafuaji, wakirudi makwao Jumamosi giza likishaingia. Sura yake hakuna aliyeijua. Polisi walimkamata mume wa mmoja wa marehemu, wakamwachia, na Jumamosi nyingine akaokotwa mwanamke mwingine kando ya reli.

Ozella alikuwa na binti mmoja, Lutie, mpishi wa Bi. Claiborne, bibi wa Kizungu. Jumamosi bibi huyo hula na wageni, na Lutie haondoki mpaka sahani ya mwisho ikauke. Ozella alikwisha kumwomba amwachie binti kabla jua halijazama. Akajibiwa kwamba magazeti yanakuza mambo, na kwamba binti mwenye adabu hana la kuogopa.

Basi siku hiyo hakuzunguka kwenda mlango wa uani, kama tulivyozunguka sisi weusi sote tangu utoto. Alitua kapu kwenye ngazi za mbele, akaketi kando yake. Majirani walikuwa vibarazani wakipunga hewa, macho yote kwake.

Bi. Claiborne akatoka, akasema kwa sauti ya chini, "Ozella, umepotea? Mlango wako uko nyuma."

"Sijapotea, bibie. Miguu imezeeka, imegoma hapa. Akitoka Lutie, nadhani itapona."

"Watu wanatutazama."

"Wananitazama mimi, bibie. Wewe wamekuzoea."

Wageni walikuwa karibu kufika, na Bi. Claiborne akaingia ndani upesi kumwita Lutie. Jua lilikuwa bado juu ya miti Lutie alipotokea uani, bakuli la makombo chini ya aproni, akilalamika kwamba atafukuzwa kazi.

"Kazi hutafutwa," mama yake akamwambia. "Mtoto hatafutwi."

Hakufukuzwa. Jumamosi iliyofuata Ozella alimkuta binti amekwisha vaa kofia, tayari kuondoka. Langoni wakapishana na mwanamke mweusi wasiyemjua, mwembamba, akiuliza njia ya jikoni. Alijitaja kuwa Velma, anakaa ng'ambo ya reli, hana ndugu mjini. Ameajiriwa kuosha sahani za wageni badala ya Lutie, usiku, mpaka ziishe.

Lutie akamvuta mama yake mkono. Jua lilikuwa linashuka, na njia yao ni ndefu. Ozella alikuwa akizitazama zile ngazi.

Wewe, mwenzangu, ungeketi tena, au ungemshika mwanao mkono mwende zenu?