Chuma Mbele ya Mkwe

Walimwita Chuma tangu siku kisu kilipompasua kidole gumba naye akaendelea kumkatia mteja nyama, akaipima, akamfungia, ndipo akatafuta kitambaa. Buchani pake hapakuwa na kiti. Anayetaka kukaa, alikuwa akisema, akauze magazeti.

Basi sukari haina adabu, haikuuliza jina. Kidonda cha kisigino kilipanda, mguu ukawa mweusi, na wodini wakamwambia utakatwa chini ya goti. Alikubali upesi kuliko mkewe. Alichotaka ni kimoja tu: apate mguu wa bandia, arudi kusimama kwenye gogo lake la kukatia nyama.

Maumivu? Jamani, yalikuwa yanamtoa roho! Shuka likigusa mguu tu, anaona nyota mchana. Lakini kando ya kitanda alikaa nani? Mama mkwe. Mkewe alikuwa amebaki buchani, kwa hiyo bibi huyu ndiye aliyekuja kila asubuhi, akamfukuzia nzi kwa kipande cha boksi mpaka jioni. Alimpenda kuliko wanawe wa kuwazaa. Sasa mwanamume atapigaje mayowe, shuka limemvuka, mbele ya mama anayemwamkia akiinamisha macho?

Akaja daktari wa usingizi, mwanamke mpole mwenye haraka zake.

"Maumivu yako, kati ya sifuri na kumi, ni ngapi?"

Chuma akamtupia jicho mama mkwe. "Mbili."

"Kweli? Maana mguu ukikatwa huku unauma sana, mtu anaweza kuendelea kuusikia hata ukiwa haupo. Tungeutia ganzi mapema kwa mrija, tukauacha mrija humo siku kadhaa baada ya kukata. Si dawa ya uhakika, ila baadhi ya watu huwasaidia. Mirija ninayo michache, nawapa wanaoumia zaidi."

"Wape hao, daktari. Mbili zangu nazimudu."

"Huyo ndiye mkwe wangu!" bibi akacheka. "Kufa kikondoo ndiko kufa kiungwana."

Chuma, aliyechinja kondoo maisha yake yote, akacheka naye, meno yameumana. Mficha uchi hazai, wahenga walishasema. Lakini hata wao hawakumwambia mtu avue nguo mbele ya mkwe. Mrija akapewa jirani yake wa kitanda cha pili, aliyekuwa akilia bila haya tangu alfajiri.

Wakaukata mguu, na kidonda cha mkato kilifunga vizuri. Mguu ndio uliokataa kuondoka. Kisigino kilichokwisha kuchomwa pamoja na taka za hospitali kiliwaka moto, na vidole visivyokuwepo vilijipinda kana kwamba mtu anavisokota kwa koleo. Alipouvaa ule wa bandia na kusimama kwenye gogo, hakumaliza kumkatia hata mteja mmoja. Akarudi kwa daktari, akapewa vidonge, akaambiwa watajaribu hiki na kile, ila nafasi ya kabla ya kukata ilishapita. Kisu akakishika shemeji yake.

Siku moja mama mkwe alikuja kuwajulia hali. Chuma alikuwa katikati ya shikamoo maumivu yalipomkamata. "Yalaa! Mama wee, nakufa!" Akaanguka kutoka kwenye kochi, akagaagaa sakafuni, bibi akimshika huku na huku asijue pa kushika.

"Kumbe unaumwa hivi? Tangu lini?"

"Tangu wodini, mama."

"Si ulimwambia daktari mbili?"

"Ilikuwa kumi. Nilikuonea haya."

Bibi akamwachia.

"Mimi nilikaa pale ili usiwe mpweke," akasema. "Ungeniambia nitoke tu, baba."

Akasimama, akatoka kweli, akaufunga mlango nyuma yake. Ndani, Chuma akapiga mayowe yote aliyoyabana wodini, na hayakumpunguzia kitu.