Mkaguzi wa Lango la Wanawake

Wenzake kazini walimwita Mama Papasa, naye hakununa, maana kupapasa ndiko kulikomlisha. Alikagua wanawake kwenye lango la bustani ya michezo, ile yenye bembea kubwa na vigari vya kugongana. Fungua mkoba, inua mikono, geuka. Kisu hapana, chupa ya kioo hapana. Na wanawake hawaishiwi maneno.

"Bibi, hapo ni unene wangu tu, sijaficha kitu!"

"Haya, ingia nao, ila usiusahau ndani."

Wanacheka, wanapita. Lakini akirudi chumbani kwake hana wa kucheka naye. Kitanda kimoja, kiti kimoja, na redio anayoiwasha ili nyumba iwe na mtu. Akiulizwa habari za watoto, hujibu, "Sikujaliwa."

Uongo mtupu. Binti anaye, mmoja kama jicho la chongo. Siku walipomzika mumewe, alimwambia binti huyo mbele za watu, "Kumuuguza baba yako ulishindwa, kumzika ndiko umeweza!" Binti akachukua mkoba wake, akaondoka. Tangu siku hiyo kila mmoja alimngoja mwenzake aanze. Mama alijua fika kwamba amekosa. Lakini kujua ni kimoja, kushuka ni kingine.

Jumamosi moja foleni ilikuwa ndefu, naye alikuwa akikagua bila kutazama nyuso.

"Inua mikono, mama."

Mikono haikuinuka. Akatazama. Alikuwa binti yake, amekonda mashavu, ameshika mtoto wa kike ambaye bibi yake hajapata kumwona.

Sheria ya lango ni kwamba mtu hamkagui ndugu yake. Ukimwona unasema, mwenzako anashika nafasi. Mama aliijua sheria. Lakini alijua pia kwamba akinyamaza atamgusa mwanawe, japo kwa jina la kazi. Akanyoosha mikono amkague.

Binti akarudi nyuma, akamwita msimamizi.

"Kaka, huyu ni mama yangu. Naomba mwingine anikague."

Alisema kikavu, kama mtu anayeomba chenji. Mama akasikia neno moja tu katika yote hayo: mama.

"Ala!" mkaguzi mwenzake akadakia. "Si ulituambia hukujaliwa wewe?"

Msimamizi akamgeukia. "Ni kweli, mama? Kama si kweli, endelea na kazi yako."

Angekana, angemgusa.

"Ni wangu," akasema. "Nimemzaa mwenyewe."

Akasogea pembeni. Mwenzake akampapasa binti harakaharaka, kama anayepangusa meza.

"Mama, huyo ndiye bibi?" mtoto akauliza.

"Twende," binti akamvuta mkono. Wakaingia, wakamezwa na watu.

Mama akamfuata msimamizi. "Naomba leo nisimame lango la kutokea."

"Kule hakuna cha kukagua, mama. Watu wanatoka tu."

"Najua wanatoka. Naomba nisimame."

Akavua glavu, akaenda. Huko alisimama juani akitafuta la kuanzia. Akajaribu "Nisamehe," likatoka nusu. Akalijaribu tena polepole, midomo ikicheza. Familia moja ikatoka.

"Asante, bibi," wakamwambia bila kumtazama, wakapita.

Akatazama nyuma yao, ndani, wanakotokea watu.