Alama Yangu Kwenye Mizinga Yake

Mimi nimeishia darasa la nne, na nalisema wazi, kwa sababu wenye digrii zao hapa Kasulu wanakuja kwangu kukodi lori. Nilianza na shoka moja na kamba ya gome, nikirina asali kule Murungu, wilaya ya Kibondo. Leo nina lori mbili na mashine ya kusaga ambayo siku ikiharibika mtaa mzima unakula viazi. Sikurithi hata kijiko. Kwa hiyo msomaji asitegemee nijishushe, sijui kunaanzia wapi. Lakini kuna jambo moja nililificha karibu miaka mitatu, na wanaonifahamu watashangaa, maana mimi hata nikinunua kofia stendi nzima inajua bei.

Nilikuwa na rafiki. Tulianza kurina pamoja tukiwa vijana wa ndevu tatu. Kwetu kila mrina ana alama yake, anaichonga kwenye mzinga kwa tezo. Ya mwenzangu ilikuwa mikato mitatu ya kulala. Yangu ilikuwa duara lenye mstari katikati. Mzinga wenye alama ya mtu hauguswi, hata ukining'inia juu ya mlango wako. Nilipohamia Kasulu kutafuta maisha, mizinga yangu niliiacha porini ikaoza na kuanguka mmoja mmoja. Yeye alibaki, akaendelea na ya kwake.

Mwaka 2012 akaanza kuumwa ini. Nilimfuata mwenyewe kwa lori, nikamleta Kasulu, akatibiwa akilala nyumbani kwangu wiki tatu. Asubuhi alikuwa anakaa barazani, blanketi mabegani, akinitazama nikipanda kwenye kiti cha dereva.

"Mgenzi," akaniita siku moja, ndivyo mtu anavyomwita mwenzake wa njia, "siku hizi unapanda kama mama mjamzito. Huo mguu mfupi unatafuta nini hewani?"

"Unatafuta hela."

"Hebu shuka upande tena nione."

Nikashuka, nikapanda tena. Akacheka mpaka akajishika ubavu. Akanitaka nirudie mara ya tatu, nikarudia, kwa sababu mgonjwa hanyimwi kicheko. Baadaye akarudi kwake Murungu, akaishi miezi kadhaa akiwa na nguvu za kutembea, halafu akafa.

Msiba ule niliusimamia mimi. Mchele, turubai, lori la kubeba watu, vyote vyangu, waulizeni. Lakini baada ya matanga kuondolewa kukabaki jambo la mizinga. Kwa ukoo wao mizinga ya marehemu inakwenda kwa ndugu zake wa kiume, kwa hoja kwamba mwanamke hapandi mti. Mjane anabaki na nyumba na shamba la maharage. Kaka yake mkubwa, mzee mrefu asiyependa maneno, akaniomba tuingie wote porini na wadogo zake, kwa kuwa mimi nilijua miti ya zamani.

Tukahesabu mizinga kumi na mmoja yenye mikato mitatu. Tukateremka kijitoni, mahali ambapo miti ya miyombo imesongamana, na hapo nikaona mzinga wenye duara na mstari katikati. Kisha wa pili. Ikafika sita. Magogo yake yalikuwa mapya, kovu la tezo halijawa jeusi, na nyuki wanaingia na kutoka kama watu wa mnadani. Mimi sikuwa nimechonga mzinga kwa miaka kumi na zaidi.

Kaka mkubwa akanigeukia. "Hii si alama yako, bwana?"

"Kwani umeisahau?" nikamjibu. Lilikuwa jibu la mtu asiyejua aseme nini.

"Sijaisahau. Nauliza ulikuja kuitundika lini."

"Mtu mwenye lori anafika popote."

Wadogo zake wakatazamana. Mmoja akasema, "Lori limepita wapi humu, juu ya matawi?" Wakacheka. Kaka mkubwa hakucheka. Akasema Jumapili tutakutana hapo hapo, mwenye mizinga aseme ni yake, na asipopatikana itakwenda pamoja na ile mingine.

Nilikuwa na siku tatu. Nakiri sikufikiria haki ya mtu yeyote. Nilichotaka ni kujua tu. Mtu anayekufa anapata wapi nguvu za kuchonga mizinga sita, halafu anaweka alama ya mwingine? Nilikosa usingizi kama mtu aliyeanza hadithi akanyang'anywa kitabu.

Nikaenda Kibondo mjini kwa mwenye duka aliyekuwa akinunua asali yake, mtu wa pwani, mpole, kofia ya kiua haimtoki kichwani. Nikamuuliza asali ya marehemu ilikuwa ikija vipi.

"Ilikuja ya aina mbili," akasema. "Dumu za kawaida, hizo alichukua fedha. Na dumu zilizofungwa kitambaa chekundu. Hizo akasema ni za rafiki yake wa Kasulu."

"Rafiki gani huyo?"

"Hakunitajia jina. Alisema ni mtu mfupi mwenye sauti."

Nikakohoa. "Na hizo nyekundu alichukua nini?"

"Hizo hakuchukua fedha hata siku moja. Godoro la bweni, sanduku la bati, madaftari, sweta ya shule, viatu vyeusi. Mimi nilidhani huyo rafiki ana binti sekondari."

Mwenye binti sekondari alikuwa marehemu. Msichana wake alikuwa kidato cha pili, analala bweni, na baba zake wadogo walikuwa wameshasema kwenye matanga kwamba shule sasa imetosha, arudi amsaidie mama yake jembe. Nilikuwepo waliposema, nikala pilau yangu nikanyamaza. Sasa nikaelewa mizinga ile ilikuwa ya nani. Angeiwekea alama yake mwenyewe, ingefuata njia ya ile kumi na mmoja. Alama yangu ndiyo ilikuwa komeo.

Swali likabaki moja, na hilo liliniuma kuliko la kwanza. Kwa nini hakuniambia? Amelala nyumbani kwangu, amekula ugali wangu, wiki tatu.

Nilimkuta mjane uani anachambua maharage kwenye ungo. Hakuinua uso.

"Mwakeye, shemeji. Umekuja kuuliza au umekuja kutangaza?"

"Nimekuja kuuliza."

"Basi kaa."

Nikakaa kwenye kinu kilichopinduliwa. "Ulijua habari ya mizinga ya kijitoni?"

"Nilimshikia kamba. Akichonga siku moja, analala siku mbili."

"Kwa nini hakuniambia mimi?"

"Angekuambia ungefanyaje?"

"Ningenyamaza."

Akaacha maharage, akanitazama.

"Ningewaambia wachache," nikasema.

Akacheka, mara ya kwanza tangu tuzike, akajifuta macho kwa ncha ya kitenge. "Alisema hivi: yule hawezi kula cha mtu, na hawezi kumeza neno. Nikimwambia leo, kaka yangu atalisikia kabla sijafa. Alisema tukuache. Siku ukiiona alama utasema ni mizinga yako, maana hujawahi kuona kitu kizuri ukasema si chako."

Nilitaka kukasirika. Nikatafuta neno la kukasirikia, sikulipata, yote yalikuwa kweli. Alinipima mdomo kama fundi anavyopima mbao, akajua pa kukata.

"Na nikisema ni yangu, wataamini?"

"Wewe sema kama unavyosemaga siku zote," akajibu, akarudi kwenye ungo.

Jumapili tukakutana kijitoni. Kaka mkubwa, wadogo zake, na majirani waliokuja kutazama. Nikasimama nikasema nilivyozoea. Nikasema mizinga ni yangu, nilimwagiza marehemu anichongee kwa sababu mfanyabiashara wa kweli hawekezi sehemu moja, na kama wangekuwa na akili yangu wasingekuwa wanagombea magogo. Wadogo zake wakasonya. Nikaona wameanza kuamini, maana walichukia vile vile wanavyonichukia siku zote.

Lakini kaka mkubwa akasema neno moja. "Mwenye mzinga hupanda."

Ni desturi ya warina. Mzinga ukiwa na shaka, anayedai anapanda mbele za watu, bila ngazi, anaweka kiganja kwenye mfuniko. Asipofika juu hana mzinga. Nilikuwa na miaka arobaini na saba na tumbo la mtu anayekula vizuri. Miyombo ile ni minene, tawi la kwanza liko juu kuliko paa la nyumba.

"Apewe na mto wa kulalia akianguka," mmoja akasema.

Nikavua viatu. Nikachukua mwenge wa majani unaotoa moshi, nikapitisha kamba nyuma ya mti. Wao wakabaki upande wa njia, mbali na nyuki. Mimi nikazunguka upande wa kijito kwa sababu huko vichaka vingenificha aibu. Nikajivuta mara moja, nikateleza, nikachubuka goti. Nikajivuta tena, mguu wa kulia ukipapasa, na mguu ukaingia mahali.

Nikapapasa kwa vidole vya mguu. Lilikuwa tundu, upana wa unyayo, limekatwa kwa shoka. Gome lilikuwa limeanza kuvimba pembeni kufunga kidonda, kwa hiyo lilikatwa miezi mingi nyuma. Nikainua wa kushoto, nao ukapata pake. Kutoka tundu hadi tundu ilikuwa hatua yangu kamili, hatua ile ile ya kupanda kwenye lori. Rafiki yangu alikuwa na miguu ya korongo, hatua hizo zingemchosha. Nikapanda huku machozi yanatoka, na nyuki wakanisaidia kisingizio, waliniuma jicho na sikio.

Nikaweka kiganja juu ya mfuniko. Nikashuka. Nikapanda na ule wa pili, na hadi wa sita, na kila mti ulikuwa na matundu yake upande wa kijito.

"Kumbe bado unaweza," kaka mkubwa akasema.

Niliajiri mrina, dumu za kitambaa chekundu zikaendelea kwenda dukani, na msichana akaendelea na shule. Sikusema. Mara nyingi nilikuwa stendi, mdomo umejaa, nikaenda kununua karanga nikatafuna.

Mwaka 2015, wakati lori zangu zikipeleka mahindi kambi ya wakimbizi ya Nduta, msichana alimaliza kidato cha nne. Mama yake akapika, akatuita. Kaka mkubwa alikaa karibu nami. Tulipokuwa tunanawa mikono akaniinamia.

"Mdogo wangu alikuwa mrefu," akasema taratibu. "Matundu ya kijitoni ni ya mtu mfupi."

Mkono wangu ukabaki kwenye maji. "Uliyaona lini?"

"Siku ile ya kwanza, kabla ya wewe."

"Sasa kwa nini ulinipandisha?"

Akachukua taulo, akafuta kidole kimoja kimoja. "Wadogo zangu walikuwa hawajayaona," akasema, akanipa taulo.