Siku Nilipokiri Kwamba Hatuna Gari

Jumanne, tarehe 5 Machi 2019. Baridi imerudi kwa nguvu, upepo wa kaskazini, madimbwi ya pale magari yanapoegeshwa yameganda. Mbingu safi, jua linawaka bila joto.

Ndivyo nilivyoandika kwenye daftari asubuhi ile, na chini yake nikaongeza: "Leo nitasema au nitanyamaza, sijui." Naandika kidogo kidogo kila siku tangu tulipokuwa kambi ya wakimbizi Kigoma. Shule yangu iliishia darasa la tano, na mara nyingi nikisoma nilichoandika jana najiuliza nani alinituma. Lakini siku ile ningeikumbuka hata bila daftari.

Wakati ule tulikaa Lewisville, huku Marekani, kwenye majengo ya kupanga ambayo ukipiga hodi milango mitano, mitatu itakuitikia kwa Kiswahili. Walikuwamo Warundi kama sisi, na Wakongomani wa Uvira na Fizi, kila mtu na Kiswahili chake. Mume wangu alifanya kazi kwenye ghala upande wa uwanja wa ndege, na mwenzake wa kazi ndiye aliyembeba kwa gari. Mimi nilikuwa kwenye dobi la kufua shuka za hospitali. Ilikuwa kazi ya kwanza maishani mwangu kuvaa kitambulisho shingoni chenye picha yangu.

Kazi ilianza saa moja asubuhi. Basi lilipita mbele ya majengo yetu saa kumi na moja na nusu, likanifikisha kwenye treni, treni ikanifikisha karibu na dobi. Bila basi lile, kwenda stesheni kwa miguu ni mwendo wa saa nzima na zaidi, kando ya barabara isiyo na njia ya waenda kwa miguu, malori yakikupeperusha sketi. Msimamizi wangu alikuwa ameniambia, kwa upole kabisa, kwamba kuchelewa mara tatu ni kuondoka. Nilikuwa nimeshachelewa mara mbili. Moja kati ya hizo ulikuwa uzembe wangu, basi halikuwa na kosa.

Mwezi wa kwanza wakabandika karatasi kwenye nguzo ya kituo. Njia yetu ilikuwa imependekezwa kufutwa. Badala yake pangekuwa na gari dogo la kuita kwa simu. Kutakuwa na kikao cha kusikiliza wananchi, kisha wajumbe watapiga kura palepale.

Siku yangu ya mapumziko nikaenda ofisi ya mabasi. Bwana aliyenipokea alinipa kiti na kunisikiliza Kiingereza changu mpaka mwisho, jambo ambalo si wote hulifanya. Ukutani palikuwa na ramani ya mji wetu wa miaka mingi ijayo. Treni ambazo bado hazijawekewa reli zilichorwa kwa nukta, na penye nyasi leo pamechorwa majengo.

"Watu wanahamia hapa kila siku," akaniambia, "na mabasi ni machache. Lazima niyapeleke kwa wasio na gari."

"Ndio sisi," nikasema.

Akafungua kompyuta yake. Akanigeuzia kioo nione, nadhani ili nisimwone mwongo. "Kwenye kituo chenu tuliuliza, mama. Karibu wote walijibu kwamba nyumbani wana gari. Kwao basi ni hiari tu."

Masikio yangu yakawaka moto. Nikaaga haraka, nikatoka.

Maana nilimkumbuka yule dada wa tableti. Ilikuwa majuma machache kabla ya Noeli. Alisimama kituoni na koti la mvua na kile kikompyuta mkononi, akatuuliza mmoja mmoja. Aliponifikia akasema, "Nyumbani kwenu mna gari?" Nikamjibu, "Ndiyo, asante." Tena nikaongeza kwamba ni la kijivu, na wala hakuuliza rangi.

Sikudanganya kama mwizi anavyodanganya. Kwetu mtu akikuuliza hali, unajibu njema. Hata kama ndani kuna mgonjwa hoi, unasema njema, salama, tunamshukuru Mungu. Mgeni anakaribishwa, anakaa, anapewa hata maji. Ndipo unasema: lakini huyu mtoto, siku ya tatu hali kitu. Jibu la kwanza ni heshima, usimtwishe mtu mzigo wako hapo mlangoni. La pili ndilo lenye habari. Sasa yule dada hakukaa. Aliuliza mara moja, akabonyeza, akashukuru, akahamia kwa anayefuata. Simlaumu, ilikuwa inanyesha, na ndivyo alivyofundishwa kazi.

Na niseme lote, nisije nikadanganya tena humu: kiburi nacho kilikuwepo. Kwenye harusi zetu na misiba yetu, mtu kupanda basi mwaka wa tano wa Marekani ilikuwa kama kurudia darasa.

Jioni nikamweleza mume wangu. Mdomo ukaanza kumcheza.

"La kijivu?"

"Ndiyo."

"Milango minne?"

"Milango sikusema."

"Basi naomba funguo, mama watoto, nikanunue sabuni."

Jirani yetu Mkongomani, mtu wa Uvira anayeng'arisha sakafu za hoteli na kupanda basi lile lile, alikuwa ameketi kwetu siku hiyo. Alicheka mpaka akashika ubavu.

"Mama, weye ni mwongo mdogo. Miye nilimwambia tuko na gari mbili."

"Mbili za nani, baba?"

"Za mdogo wangu wa Katy. Kwani si ndugu yangu? Gari ya ndugu ni ya kwetu. Voilà."

"Katy ni kule Houston, saa nne kwa gari!" mume wangu akasema. "Utayaita kwa filimbi?"

Tulicheka, lakini kicheko kilikatika njiani. Kesho yake mimi na jirani tukapita milango ya majengo. Tuliuliza kila nyumba kama walimjibu yule dada wana gari, na kila nyumba ikasema ndiyo, tunalo. Tukakaa. Tukauliza tena. Hapo ndipo tukaambiwa ukweli: hili ni la shemeji, lile lilikufa injini, jingine tunalitarajia mwakani. Tuliomba wenyewe basi letu liondolewe, kila mmoja kwa adabu nzuri.

Ilibidi mtu akaseme hivyo mbele ya wajumbe. Mume wangu hakupenda. "Ukisimama kusema mlidanganya ofisi ya serikali, watatuandika," alisema. "Na uraia tume-apply juzi tu." Hakuwa na ubaya, ni woga wa mtu aliyeandikwa sana kwenye karatasi za watu. Nami nilikuwa na woga uleule. Nikapendekeza jirani aseme. Akakataa katakata: "Miye nikisema, watu watacheka tu. Weye unaandika kila siku, utashindwaje kusema siku moja?" Nilimwambia kuandika si kusema. Akaniambia, bon, sema polepole, kama unaandika.

Basi Jumanne ile nikaomba ruhusa kazini, nikatoka saa nane. Kikao kilikuwa saa kumi, kwenye ukumbi wa maktaba. Kutoka majengo yetu walikuja watu wengi kuliko nilivyotegemea. Kina mama walivaa vitenge juu ya makoti ya baridi, wakakaa safu za nyuma kama wako kanisani. Wajumbe walikaa mbele kwenye meza ndefu, mwenyekiti mama mwenye nywele nyeupe. Kila msemaji alipewa dakika tatu, na taa ndogo ya kijani iliyogeuka nyekundu.

Alianza bwana mmoja mwenye nyumba yake karibu na njia ya basi. Alisema saa sita mchana basi linapita mbele ya mlango wake bila mtu, siku zote, linachoma mafuta bure. Nyuma yangu wetu waliguna. Akafuata bibi mwenye fimbo, yeye alitaka lile gari la kuita kwa simu, maana kituo kiko mbali na mguu wake unauma. Waliguna tena, na hapo niliona haya, kwa sababu yule bibi alisema kweli tupu.

Ikafika zamu yangu. Karatasi niliyoandika nikaikunja. Nilisema kwa Kiingereza changu cha dobi, na hapa naweka maana yake:

"Mimi napanda basi la saa kumi na moja na nusu. Likiondoka, kazi yangu inaondoka. Lakini kwanza niseme, yule bwana ana haki. Saa sita mchana nimeliona mwenyewe, ni tupu."

"Mama!" jirani akanong'ona nyuma yangu kwa Kiswahili, kunong'ona kwake ni kwa kusikika mpaka barabarani. "Uko upande gani?"

Nikaendelea. "Na bibi pale ana haki. Gari la simu linamfaa. Na bwana wa ofisi alituma mtu kituoni akatuuliza, hakutusahau. Sisi ndio tuliojibu vibaya. Tulisema tuna gari." Nikawaeleza habari ya jibu la kwanza na jibu la pili, kwamba la kwanza ni la heshima, na kwamba tuliulizwa mara moja tu. Taa ikawa nyekundu. Nikageuka nikakae.

"Subiri, mama," mwenyekiti akasema. Alivua miwani yake. "Keti hapo mbele, tafadhali. Kiti hicho hapo."

Nikaketi. Akangoja mpaka nimetulia.

"Sasa nakuuliza mara ya pili. Nyumbani kwenu mna gari?"

"Hatuna," nikasema. "Hatujawahi kuwa nalo."

Akanyanyua macho kwenye safu za nyuma. "Na ninyi?"

Nadhani si wote walielewa Kiingereza chake, lakini swali walilielewa. Mama mmoja akasimama akasema "Hatuna," halafu mwingine, halafu safu nzima ikasimama na vitenge vyake, hatuna, hatuna, kwa Kiswahili, kwa Kiingereza, kwa Kirundi. Jirani akawa wa mwisho kusimama. "Miye niko na mbili," akasema kwa Kiingereza, akiweka mkono kifuani, "lakini ziko Houston na mdogo wangu, na yeye anazi-drive." Ukumbi ukapasuka kwa kicheko, hata yule bwana wa mafuta ya bure alicheka.

Ndipo bwana wa ofisi akainuka. Hakulazimishwa na mtu. Alisema walituuliza kama watu wanaopita, na kwamba kama basi la mchana ni tupu na la alfajiri ndilo lenye watu, basi kosa liko kwenye saa, njia haina kosa. Akawaomba wajumbe wamruhusu alitoe basi la saa sita aliweke alfajiri, yawe mawili pale lilipokuwa moja. Kuhusu bibi, akaomba gari la simu lianze na wazee.

Nilikaa pale mbele sijui niweke wapi mikono. Kweli ile niliyoisema kwa kumwogopa Mungu tu, kwamba mchana ni tupu, ndiyo iliyokuwa inatuletea basi la pili.

Walipiga kura kwa kunyoosha mikono. Mmoja alikataa, na alieleza kwa nini: fedha za mji anaona zinatawanywa. Ni sababu, ingawa siipendi. Waliobaki wote walinyoosha. Mwenyekiti aligonga meza, na kabla nyundo haijatulia kina mama wakapiga vigelegele. Ofisa wa usalama wa maktaba alikimbia kuja kuona kumetokea nini, akakuta watu wanakumbatiana.

Mume wangu alikuwa amesimama mlangoni na sare yake ya ghala. Alikuwa ameniambia hatakuja. Alinipa mkono rasmi kabisa, kama mtu anayepokea mwalimu mpya shuleni, halafu akausahau mkono wangu mkononi mwake mpaka tukafika kituoni. Tulirudi na basi, karibu watu ishirini kwa mpigo, na dereva alikuwa ameshapata habari kwa redio yake. Alitutazama kwenye kioo akasema, "Kumbe ninyi ndio mliookoa zamu yangu." Wakaimba njia nzima, Warundi wimbo wao na Wakongomani wao, nyimbo hazikulingana hata kidogo, na hakuna aliyenyamaza ili mwenzake asikike.

Sijui mpaka leo kama ni mimi. Inawezekana wajumbe walikuwa wameshaamua, au ni hesabu za yule bwana wa ofisi. Lakini majuma machache baadaye nilisimama kituoni alfajiri, nikaona taa za basi zinakuja, na nyuma yake, mbali kidogo, taa za basi jingine. Nilifika kazini mapema, mlango wa dobi bado umefungwa. Nikangoja nje kwenye baridi, na kitambulisho changu nimekitoa nje ya koti.

Daftari la usiku wa kikao lina mistari michache tu, mwandiko umelala: Mume wangu ndiye aliyesonga ugali wa muhogo, ukawa na mabuje ya unga, tukala hivyohivyo, kwa maharage yaliyoungwa kwa mawese na dagaa wa kukaanga, na jirani alileta ndizi tatu za kuchoma kwa watu saba.