Samli ya Mama, Mahindi ya Bibi

Sisi tuliokuwa watoto Busia ya Uganda miaka ile ya kwanza ya uhuru hatukuhitaji kalenda kujua kwamba mwezi wa sita umefika. Tulijua kwa pua. Moshi wa mahindi mabichi ulipaa kutoka kila boma, kuanzia kwetu Dabani hadi mpakani, na kila boma lilikuwa na namna yake. Sisi Wasamia tulichemsha hindi na maganda yake ndani ya chungu, tukafunika kwa majani ya mgomba. Majirani zetu Wajopadhola walilipaka odi, ile siagi ya karanga na simsim. Kwenye maduka ya Wahindi karibu na mpaka lilichomwa, likasuguliwa ndimu iliyochovywa kwenye chumvi na pilipili, ukawa unalila huku machozi yanakutoka na bado unataka jingine. Watoto wa kike tulitengeneza wanasesere wa magunzi wenye nywele za hindi, tukatafuna mabua kama miwa hadi midomo ikachanika. Wajukuu wangu leo wanakula mahindi ya kopo, wanasema yana utamu. Nawaacha.

Mama yangu, Apolot, alikuwa Mteso wa Mella, kule Tororo, kwa watu wa ng'ombe. Kwao hindi huchomwa juu ya makaa, kisha hupakwa samli na chumvi lingali moto. Alipoolewa Dabani alikuja na kibuyu chake cha samli, na kila msimu ndugu zake walimletea nyingine. Bibi yangu, mzaa baba, hakuipenda. Alisema hindi lina utamu wake, na anayelipaka mafuta analitukana. Mama hakukijua Kisamia alipofika, wala Bibi hakukijua Kiteso, kwa hiyo walisemezana kwa Kiswahili cha sokoni, na hata baada ya miaka kumi waliendelea hivyo hivyo. Labda ndiyo sababu hawakuwahi kugombana wakamaliza.

Nilikuwa na miaka tisa mwaka ule jiko letu lilipoungua.

Baba alikuwa akifanya kazi Tororo mjini, anarudi Jumamosi kwa baiskeli. Bibi alikuwa shambani. Mama alikwenda kisimani mchana ule, akaniachia mahindi matatu juu ya makaa niyageuze, na mdogo wangu Taaka amelala kwenye mkeka karibu na mlango. Kibuyu cha samli kilikuwa juu ya kigoda. Mama alikuwa amenikataza kukigusa. Mimi nikafikiri: kidogo tu, hindi langu lipate kunona kuliko mengine. Nilikiinamisha juu ya hindi likiwa bado kwenye makaa, na samli ikatoka kwa wingi kuliko nilivyotaka.

Moto uliruka hadi usoni mwangu. Ukashika rundo la maganda makavu kando ya mafiga, kisha nguzo, kisha nyasi za paa. Sikupiga kelele. Nilimkokota Taaka kwa mkono mmoja hadi uani, naye akaamka akilia, na kilio chake ndicho kilichowaita watu.

Walikuja na mitungi na matawi mabichi, lakini nyasi kavu haina subira. Juu ya moshi wa jiko lile Bibi alikuwa amening'iniza mbegu zake, mashuke mazuri ya mahindi aliyoyachagua moja moja kwa ajili ya kupanda mvua za vuli. Tulizisikia zikipasuka ndani ya moto, moja moja, halafu nyingi kwa pamoja, na harufu ya bisi ikajaa uani. Bibi alifika kutoka shambani na jembe begani. Alisimama akisikiliza mpaka sauti ile ikaisha.

Mama alikuja mbio, mtungi umeshamdondoka njiani. Alimpokea Taaka, akampapasa kichwa na miguu, kisha akanitazama mimi.

"Mimi nilisema," Bibi akamwambia. "Hii mafuta yako, siku moja itachoma nyumba."

Nilifungua mdomo. Mama akanitangulia. "Ni mimi, Mama. Mimi niliacha kibuyu karibu na moto."

"Basi rudi nayo kwenu."

Asubuhi Mama alimfunga Taaka mgongoni, akaniambia nimsaidie Bibi maji na kuni, akaondoka kwenda kwao kwa njia ya Busia mjini. Nilimtazama hadi kona ya kanisa. Nilijua ninachotakiwa kusema, na miguu yangu pia ilijua ninapotakiwa kukimbilia, lakini nilisimama tu.

Siku tatu sikulala vizuri. Nilifagia uwanja uliokwisha kufagiwa. Bibi hakuwa mtu wa maneno mengi, na sasa aliyapunguza hata hayo machache. Tulipikia nje, kwenye mawe matatu, mbele ya majivu. Nilikuwa nahesabu siku za kufika Jumamosi, nikiogopa baba atakapouliza mkewe yuko wapi, na nikiogopa zaidi kwamba hataniuliza mimi.

Siku ya nne Bibi alichemsha mahindi. Akanipa langu, jeupe, linatoa mvuke. Nikaling'ata mara moja, nikabaki nalo mkononi. Akaniuliza kama naumwa. Nikamwambia yote: kibuyu, hindi langu, jinsi Mama alivyosema neno lisilo lake. Bibi aliweka hindi lake chini, kwenye ganda. Nilisubiri fimbo. Aliniuliza kitu kimoja tu, kama mama yangu anajua. Nikasema sijui.

Kesho yake alivaa gomesi lake la kanisani, lile gauni refu la mshipi, akabeba viatu mkononi. Tulipanda basi la Tororo, kisha tukatembea kwenda Mella, jua likituchoma utosini. Niliamini ananipeleka akaniache huko.

Babu mzaa mama alitupokea kwa heshima, akatuletea vigoda. Mama hakutokea. Nilimsikia Taaka akicheka nyuma ya nyumba. Kisha Mama akaja, akapiga magoti, akamsalimia mama mkwe wake kama inavyopasa, akakaa mbali. Wakaleta sinia la mahindi ya kuchoma, yamekolea samli inayong'aa. Watu wote walijifanya hawamtazami Bibi, kumbe wanamtazama sana.

Bibi alichukua hindi moja, akalishika. "Kabla sijakula," akasema, "huyu mtoto ana neno."

Nilisimama. Sauti yangu ilikuwa ndogo, lakini nilisema mpaka mwisho.

Babu akamgeukia binti yake, akamuuliza kama alijua.

"Nilijua," Mama akasema. "Mikono yake ilikuwa inang'aa mafuta."

"Na wewe ulinyamaza kwa nini?" Bibi akauliza.

Mama akanionyesha kwa kidevu. "Mimi nilikuwa na kwetu pa kurudi. Yeye kwao ni pale pale."

Bibi aliinamisha kichwa. Alipokiinua alisema, taratibu, akimwita mama yangu kwa jina lake kwa mara ya kwanza masikioni mwangu: "Apolot, mimi nililia mbegu, nikasahau mtu. Nilikosa." Kisha akala. Samli ilimtiririka mkononi hadi kwenye kiwiko, ikadondokea gomesi la kanisani, naye hakufuta. Alimaliza hindi lote, punje kwa punje, tukimsubiri.

Mama hakurudi nasi siku ile. Babu alisema mume aje mwenyewe, na baba alikwenda Jumamosi. Jumapili waliingia uani kwetu wote watatu, Taaka juu ya baiskeli, na nyuma yake mashuke ya mbegu kutoka Mella yamefungwa kwa kamba. Tuliyapanda mvua za vuli. Jiko jipya lilijengwa na mafiga ya pande mbili: chungu cha Bibi huku, makaa ya Mama kule. Bibi hakuonja tena samli hadi anakufa, wala hakuisema vibaya tena. Mimi nilikula pande zote mbili.

Siku hizi watu wanakoseana kwa simu na kuombana radhi kwa simu, na kidole hakitoki hata jasho. Nami siwacheki, kwa kuwa ni wao walionifundisha. Mwezi uliopita nilimtamkia mke wa mwanangu neno ambalo mtu mzima hatakiwi kulisema, akachukua watoto akaenda kwao, ng'ambo ya pili, Kenya. Nimempigia mara tatu. Anapokea, anasema hakuna neno, Mama. Nimekaa na hilo "hakuna neno" majuma mawili. Jana nilimwambia mwanangu kwamba nakwenda mwenyewe, asinitafutie gari. Kutoka mpakani hadi kwao si mbali, na miguu bado ninayo.