Bei ya Kuvuka Bwawa

Sijawahi kuwa mtu wa kutulia. Kule Rubondo, kwenye kiwanja chetu cha mahindi katika kambi ya wakimbizi ya Nakivale, Uganda, mama alikuwa akinikuta nimesimama na jembe mkononi, macho yakiwa kwenye barabara ya Mbarara. Aliniuliza kama kuna mgeni anakuja. Hakuna mgeni. Ni mimi niliyetaka kwenda.

Cha kuuza nilikuwa nacho kimoja tu: nilizaliwa kando ya Ziwa Tanganyika, upande wa Kongo, na nilijua kuogelea kabla sijajua kusoma. Hoteli moja ya Mbarara yenye bwawa ilikuwa ikitafuta mwalimu mwanamke, maana wake wa wanajeshi wa kikosi cha mjini hawakutaka kushikwa kiuno majini na mwanamume. Nikapata kazi. Nilipomweleza mama, alicheka mpaka akakaa chini.

"Weye unauzisha kuogelea? Kwetu batoto banajifunziaka bure. Ni nani atalipa feza juu ya ile?"

Walilipa, tena si haba. Mwanafunzi alitoa elfu kumi na tano kwa saa, mimi nikapewa elfu tatu. Miwani ya majini ilikodishwa kwa elfu nne, kwa hiyo kipande cha plastiki kilinizidi mshahara. Kila nilipoiona imening'inia msumarini nilipandwa na hasira. Lakini zile elfu tatu ndizo zilizolipa chumba changu mjini, na bila chumba ningerudi kwenye jembe. Nikaendelea na kazi.

Mwalimu mwenzangu, aliyefundisha wanaume na watoto, alinifungulia siri ya biashara.

"Wacha wapige miguu kwanza, wiki mbili wameshika ukuta. Hiyo ya pumzi usionyeshe haraka."

Tulilipwa kwa saa, si kwa mtu aliyejua kuogelea, hivyo aliyefundisha polepole ndiye aliyekula vizuri. Nilimwelewa kabisa, ila mikono yangu ilikataa. Mimi hata uji siwezi kuusubiri upoe, seuze kumtazama mtu anahangaika na kitu ninachoweza kumwonyesha sasa hivi.

Basi akaja mke wa sajini mmoja, mwanamke mnene, mcheshi, aliyeuza vitambaa sokoni. Mumewe alikuwa amehamishiwa kituo cha ziwani, naye angemfuata baadaye kwa boti. Aliogopa maji vibaya sana. Siku ya kwanza tu nikamfundisha kupuliza pumzi akiwa amezamisha uso. Wiki haijaisha, akavuka bwawa zima peke yake, akaibuka akipiga kelele, "Banange, jamani, nimefika!" Akaenda kuwatangazia wenzake kwamba kwa yule mwalimu Mkongo wiki moja inatosha.

Habari zikamfikia meneja wa hoteli, akaniita.

"Wewe namaliza watu mbio sana. Wao naenda, harudi tena. Mimi napata nini?"

Siku hiyo hiyo kazi ikaisha. Chumbani hapakukalika, maana mwenye nyumba angebisha hodi wakati wowote kudai kodi. Nikazunguka mji kwa miguu, napanda na kushuka mitaa ile ile, mpaka nikajikuta mbele ya kibanda cha mke wa sajini. Nikamweleza yote. Akasonya.

"Wenzangu watatu nataka wewe. Kuna shule iko na bwawa, naruhusu watu kuingia kwa pesa kidogo. Wewe sema bei tu."

Bei ya mahindi niliijua, ya sabuni niliijua. Kuogelea hakukuwa na bei kichwani mwangu, na kicheko cha mama nilikisikia pale pale. Nikitaja kubwa watakimbia, nikitaja ndogo chumba kimekwenda. Nikajikaza.

"Elfu ishirini kwa mtu, mpaka avuke. Asipovuka halipi."

"Sawa, mwalimu," akasema, akaendelea kukunja kitambaa.

Niliondoka nikitembea kwa madaha. Nilipofika karibu na stendi, miguu ikasimama yenyewe. Mwanamke yule huchukua robo saa kununua fungu la nyanya. Nilishamwona akigombana na mtu wa boda kwa ajili ya shilingi mia. Leo hakuniomba nipunguze hata kidogo. Nikapiga hesabu upya: nikitoa kiingilio cha bwawa na nauli, kila somo ningepata chini ya bei ya kukodi ile miwani. Nilijichukia. Nikageuka, nikarudi karibu mbio.

"Nyabo," nikamwita kwa heshima, kama mtu aitavyo bibi, "ile bei nimekosea. Ni elfu hamsini."

Kitambaa kikamponyoka. "Hamsini! Mwalimu, nataka kuniua? Hayo maji ni ya baba yako?" Akamwita jirani wa kibanda cha pili aje asikie wizi huu. "Punguza, bwana! Weka thelathini!"

Nikavuta kigoda chake bila kukaribishwa, nikakaa. Tangu nitoke Rubondo, ndiyo ilikuwa mara ya kwanza miguu yangu kutulia.

"Hamsini," nikasema.